Uzi Mwekundu wa Fundi wa Mipira

Kitu cha kwanza alichofanya fundi ukimpelekea mpira ulioharibika ni kuunusa. Hakuuliza umetoboka wapi wala lini. Aliusogeza puani, akafumba macho, akavuta pumzi polepole kama mama anayeonja mboga jikoni, kisha akakwambia mpira umekaa juani mno, au umelala karibu na mafuta ya taa, au nyumbani kwako kuna panya. Watu walicheka. Lakini wengi waliporudi kwao walitafuta panya.

Jina alikuwa nalo, tena zuri la ubatizo, ila sisi tulimwita fundi tu. Pale Iyunga, pembeni mwa Mbeya, palikuwa na seremala, palikuwa na mshona viatu, na wenye vyerehani hawakukosekana, lakini ukisema "nampelekea fundi" hakuna aliyekuuliza fundi gani. Kibanda chake kilitazama barabara kuu. Malori yaliyotoka Iringa yakiwa yamechoka na matope yalisimama mbele yake, na yeye alitoka akiwa amevaa koti lake la sufu, maana Iyunga ukungu hauna aibu, unaingia mpaka ndani ya shati. Aliziba matairi, mipira ya baiskeli, mabuti ya kuvukia mito, mipira ya kuchezea ya watoto wa shule, chupa za mpira ambazo Wazungu walitia maji moto na kulala nazo, hata mifuko ya kinanda cha kanisani. Chochote chenye hewa ndani yake kilikuwa kazi yake.

Mimi nilikuwa mteja wake wa ajabu kuliko wote. Mpira nilioupeleka mimi niliutia kinywani na kuzama nao chini ya maji.

Naona nieleze, kwa sababu mtu wa Kilolo kuwa mzamiaji si jambo la kawaida. Kwetu ni milimani, maji ni ya baridi na yako mbali chini bondeni, na mtu mwenye akili huteka ndoo yake akapanda zake. Sijui nani alimdanganya bwana wa mabanio kwamba najua kuogelea. Nadhani ni mimi mwenyewe. Bwana huyo alikuwa Mzungu mkandarasi aliyejenga mabanio huko Chimala, yaani kuta za kuzuia mto ili maji yageuke na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Kila masika magogo yalishuka na mafuriko yakaziba malango ya chini, lango likawa haliinuki wala halishuki. Basi akaleta kifaa kutoka kwao: mtungi wa hewa wa kubeba mgongoni, kidude cha chuma cha mviringo nyuma ya shingo, na mipira miwili minene yenye mikunjo, iliyopita juu ya mabega na kukutana kinywani. Sisi vibarua tulikiita pafu. Bwana akauliza nani yuko tayari kuzama na pafu. Wenzangu wa Kyela, waliozaliwa wanaliona ziwa, wakatazama pembeni, kwa sababu wao walijua maji ni nini. Mimi sikujua, nikanyoosha mkono.

Chini kule hakuna cha kuona. Maji ya masika ni uji mtupu. Unapapasa gogo, unalizungushia mnyororo, unatikisa kamba, wenzako juu wanavuta. Kinachosikika ni pumzi yako tu, inaingia, inatoka, inaingia, inatoka. Mtu akizoea kuisikiliza pumzi yake namna hiyo huanza kumfikiria sana aliyemzibia mpira. Mimi nilimfikiria fundi nikiwa majini kuliko nilivyowafikiria wazazi wangu.

Jua la Usangu, kule bondeni Chimala, lilikuwa linaikausha ile mipira mpaka inapasuka kwenye mikunjo, na mipira mipya ilitoka ng'ambo, ukiiagiza unasubiri msimu mzima. Ndiyo maana nilipanda mara kwa mara kwenda Iyunga.

Mara ya kwanza fundi alilinusa pafu muda mrefu. Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Hii unavuta hewa na hii unatoa?"

"Ndiyo, fundi."

"Na wewe umetumwa ama umependa mwenyewe?"

"Nimependa."

"Mhehe huyu," akamwambia mkewe aliyekuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. "Kumbe hasira zimewaishia, sasa wanatafuta kifo kwa utaratibu."

Tangu siku hiyo aliniita mnyalukolo, neno letu la ndugu, na alilisema kwa lafudhi ya Kinyakyusa iliyolivunja mbavu. Mimi nilimsalimu kwa "ugonile", nikalivunja lake vilevile, naye alikuwa anaitika bila kucheka, kwa heshima kabisa, halafu anacheka nikishampa mgongo.

Kazi yake ilikuwa hivi. Alikwangua mpira kwa tupa mpaka ukawa na vinyweleo, akapaka solusheni, yaani gundi ya viraka, akasubiri. Kusubiri ndiko kulikomtesha, kwa sababu kwa baridi ya Iyunga solusheni haikauki, inakaa tu inakutazama. Basi alikuwa na pasi ya mkaa, pasi ya kawaida ya nguo, mkewe alishakata tamaa ya kuipata tena. Aliipitisha juu ya kiraka bila kukigusa, huku kiganja chake kikiwa katikati ya pasi na mpira ili apime joto. Kiganja hicho kilikuwa kimeungua mara nyingi hata hakikuwa na mistari. Kisha alizamisha kazi kwenye karai la maji, akaibana, akaitazama bila kupepesa.

Povu likitoka alirudia. Povu lisipotoka alikukabidhi bila neno. Lakini zilikuwepo kazi nyingine, ambazo hazikutoa povu na bado yeye hakuziamini. Hakuweza kukuambia kwa nini. "Mpira huu una mawazo," alisema, basi. Hapo aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kidonge cha uzi mwekundu, akafunga fundo palepale penye kiraka.

Maana ya uzi ule ilijulikana barabara nzima. Fundi amefanya alivyoweza, lakini hapo pasikutie kiburi. Baiskeli yenye uzi hushuki nayo mlima kwa kasi. Buti lenye uzi huvukii mto. Pafu langu lilifungwa uzi mara mbili tatu, na siku hizo nilimwambia bwana, bwana akanung'unika, na tukafanya kazi za kina kifupi tu mpaka fundi alipotengeneza upya.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba neno "siwezi" lilikuwa halitoki kinywani mwa mtu yule. Sijui alifundishwa na nani kuliogopa. Mteja alileta kitu kilichokwisha kuoza, kitu ambacho mtu mwingine angekitupa shimoni, na fundi alikipokea kwa mikono miwili. Hakuwahi kumrudisha mtu. Uzi ndio uliosema kwa niaba yake.

Watu walikuwa hawaupendi, hilo niseme wazi. Nani apende kupita sokoni na baiskeli inayotangaza ubovu wake? Vijana waliugeuza msemo. Jamaa akichumbia na mambo yake hayaeleweki, walisema amefungwa uzi. Mwalimu mmoja wa shule alikuwa akiukata kwa kiwembe kila akitoka kibandani, anatazama huku na huku kwanza, na fundi alimwona kila mara na hakusema kitu. Siku mwalimu alipoanguka kwenye mteremko na kuchubuka kidevu, fundi alimtengenezea baiskeli akamfungia uzi mwingine. Mwalimu akaondoka nao, safari hii bila kiwembe.

Alikuwa na vioja vyake. Jumapili alivaa tai na kutembea polepole ili aonekane, lakini ukimsifu kazi yake alikasirika, akainama kutafuta kitu chini ambacho hakikuwepo. Paa la nyumba yake lilivuja miaka yote niliyomjua, mkewe alihamisha sufuria kutoka pembe hii kwenda pembe ile, akasema, "Ningekuwa tairi ningeshazibwa." Kazi za mafundi wengine alizisema bila huruma, wakati mwingine wenyewe wakiwa wamesimama pale. Baiskeli yake mwenyewe ilikuwa viraka vitupu na haikuwa na uzi hata mmoja. Nilipomuuliza akasema, "Hii naijua. Uzi ni wa asiyejua."

Na kuna asubuhi moja nilimkuta ameufunga kwenye mkono wa koti lake. Nikauliza kuna nini.

"Nimegombana na mama," akasema. "Leo mimi mwenyewe sijashika vizuri. Anayekuja aone mapema."

Mkewe alikuwa mlangoni kwake na maharage yake, anajikaza asicheke.

Sasa nafika mahali ambapo uso hunichoma nikipakumbuka, na hunichoma mpaka leo. Sikumkosea fundi. Naye sijui kama nilishamwita mkosefu hata moyoni. Lakini aibu haingoji kuulizwa nani ana kosa. Tulipata aibu wote wawili, kila mmoja yake, tukazibeba miaka tukipishana njiani.

Ilianzia kanisani kwao. Mfuko wa kinanda ulipasuka, fundi akauziba, na kwa kuwa ngozi ya mfuko ilikuwa imechoka, akafunga uzi wake. Jumapili mgeni mmoja aliyekuja kuhubiri akauona. Akauliza ni nini. Aliyeulizwa hakujua kueleza, au alijua akaona haya kueleza, na neno likazunguka hadi likarudi limebadilika. Wazee wa kanisa wakamwita fundi baada ya ibada. Habari hizi nilipewa na mkewe, kwa sababu fundi hakuzigusa kamwe.

"Wamemsimamisha mbele ya watu," aliniambia mama huyo, sauti chini, fundi akiwa nje na lori. "Wanamuuliza, hii uzi ni ya nini. Anasema, ya kuonyesha. Wanamuuliza, ya kuonyesha nani. Sasa yeye na maneno unamjua. Akanyamaza. Mmoja akasema basi hii ni hirizi, hii ni dawa. Mume wangu, baba. Huyu aliyebeba vitu vyote vya uganga vya baba yake siku ya ubatizo akaenda kuvitupa mtoni, watu wakilia. Huyo ndiye wanamwambia dawa."

Akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Ameukata mwenyewe mbele yao. Amerudi hapa, hajala. Na walikuwa wanataka kumpa uzee wa kanisa mwaka huu huu."

Tangu hapo fundi hakumfungia mtu uzi. Kidonge kilibaki mfukoni mwa shati, nadhani kwa mazoea tu, lakini mkono haukukitoa. Nilidhani atakuwa anasema kwa mdomo. Wote tulidhani hivyo, na mwalimu wa baiskeli alifurahi waziwazi. Ila mtu ambaye miaka yote amesema kwa uzi hawezi kuamka siku moja akasema kwa mdomo.

Mwanzo wa masika mpira wa pafu ukapasuka karibu na kinywa, kwenye mkunjo wa mwisho kabisa, mahali panapopinda kila ukigeuza shingo. Lango la banio lilikuwa limekwama na maji yalikuwa yanapanda. Yakivunja ukuta, mashamba ya watu chini yangekwisha. Bwana akanipakia kwenye landrova tukapanda Iyunga asubuhi ileile. Hakuzima injini. Alisimama nje anavuta sigara, anatazama saa, kila mara anapiga honi kana kwamba fundi alikuwa mbuzi barabarani.

Fundi alinusa. Akakwangua, akapaka, akapitisha pasi. Solusheni ilikuwa inakataa kukauka, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Akaongeza kiraka cha pili juu ya cha kwanza, akakifunga kwa kamba nyembamba. Akazamisha kwenye karai. Tulitazama pamoja, vichwa vikiwa karibu kugongana. Povu halikutoka.

"Imeshika?" nikamuuliza.

Mkono wake wa kulia ulikwenda kwenye mfuko wa shati. Niliuona. Vidole viliingia ndani, vikakaa, kisha vikatoka vitupu. Akajifuta kiganja kwenye suruali kama mtu aliyegusa kitu cha mafuta. Honi ikalia tena.

"Imeshika, mnyalukolo," akasema. "Nenda."

Akainama chini kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Alasiri hiyo nilikuwa chini ya banio, nimekumbatia gogo, mnyororo mkononi. Niligeuza shingo kulia ili nipitishe bega. Nikavuta pumzi, yakaja maji. Nikakohoa, nikavuta tena, maji. Sikumbuki kuachia mnyororo. Nakumbuka kupanda ovyo, kwa nguvu zangu zote, pumzi nimeibana kifuani kama mtu anayeficha kitu, ingawa bwana alishanionya nisipande hivyo hata nikiwa ninakufa. Kitu kikapasuka ndani ya kichwa upande wa kushoto. Wenzangu walinivuta ukingoni damu ikinitoka puani na sikioni, na wanasema nilikuwa nacheka. Lango waliliinua kesho yake kwa magari mawili na matusi mengi. Mashamba yalipona.

Bwana alipanda Iyunga siku hiyohiyo. Alimfokea fundi mbele ya madereva, mbele ya mwalimu, mbele ya baadhi ya wale wazee wa kanisa waliokuwa wanapita. Fundi alisimama na koti lake la sufu akapokea yote. Hakusema habari za ukungu. Hakusema habari za honi. Hakuwageukia wale wazee, ambao, nasikia, waliendelea na safari yao wakitazama mbele.

Fundi alikuja hospitali kuniona. Mkewe aliingia na ndizi na mayai, akaketi, akanishika mguu juu ya blanketi. Yeye alibaki mlangoni. Nilitaka kumwita, na hapo kikohozi kikanikamata, kile cha mapafu yaliyonywa maji, kikanikunja kitandani. Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu.

Mtu hawezi kuficha kikohozi. Nilipona, nikatembea, nikarudi Chimala kufanya kazi za nchi kavu, lakini kikohozi kilibaki, na sikio la kushoto halikurudi. Nikaanza kuona aibu ambayo sijui kama ina jina. Kila mahali nilipokwenda nilikuwa ushahidi. Nilikuwa kazi mbovu ya fundi inayotembea kwa miguu miwili. Watu wa barabarani waliniuliza, "Wewe si yule wa mpira wa fundi?" Nilijibu ndiyo, nikaona nimemtukana mzee yule kwa kujibu tu. Habari za sikio sikumwambia mtu wa Iyunga. Nilijifunza kukaa pembeni, watu wote wawe upande wa kulia, nikaitikia kwa kichwa nisiposikia. Nilifikiri, kikohozi anakijua, basi angalau hili asilijue.

Siku moja sokoni Mbeya nilimwona mbele yangu, amesimama kwenye magunia ya viazi. Kikohozi kikanishika. Aligeuka, akaniona, akainama nyuma ya magunia. Mtu mzima, mwenye tai, kwa kuwa ilikuwa Jumapili. Na mimi nikageuka nikaingia kwa wauza kanga, nikasimama pale nikijifanya nachagua. Muuzaji akaniuliza, "Ya mama au ya mchumba?" Sikuwa na mama mjini wala mchumba. Nilinunua, nikaenda nayo.

Uzee wa kanisa hakupewa. Kibanda alikifunga, akakifungua tena baada ya muda, ila hakupokea kitu chochote cha kupumulia, hata mipira ya watoto ya kuchezea alikuwa anasitasita.

Bwana wa mabanio alipomaliza kazi akaenda kwao, na ule mpira uliopasuka akautupa nyuma ya ghala. Niliuokota. Usiniulize kwa nini, kwa sababu nilishajiuliza. Niliporudi Kilolo kulima niliutundika jikoni, juu ya mafiga, na mke wangu niliyempata huko alidhani ni kitu cha kugemea ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Ikapita miaka kadhaa. Siku moja dereva wa basi la Iringa akaniletea salamu kutoka kwa mke wa fundi. Salamu zilikuwa fupi. Mzee macho yamepungua, na anauliza kama ule mpira bado upo.

Nilikaa na salamu hizo kama mtu aliyemeza mfupa. Mwishowe nikautungua mpira, nikaufunga kwenye gazeti, nikapanda basi. Njia nzima niliuweka mapajani na koti juu yake. Tulipopita Chimala sikutazama upande wa mto.

Kibanda kilikuwa palepale, na ukungu ulikuwa palepale. Mkewe aliniona kwanza, akasimama na ungo wake. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amekonda, macho yamefunikwa na utando kama maziwa yaliyopoa.

"Ugonile, fundi."

"Kamwene, mnyalukolo," akasema, akinijibu kwa salamu ya kwetu, na safari hii hakulivunja neno hata kidogo. Nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi.

Nikampa. Akaufungua kutoka kwenye gazeti, akausogeza puani, akafumba macho ambayo tayari hayakuona vizuri.

"Umelala kwenye moshi."

"Jikoni kwangu."

"Ndiyo maana umepona kuoza," akasema. Kisha akapapasa mkunjo wa mwisho, "Nataka nimalize kazi yangu."

Sikumwambia kwamba bwana ameondoka, kwamba pafu lenyewe halipo, kwamba hakuna atakayeutia mpira ule kinywani tena duniani. Aliyajua yote hayo. Alibandua viraka vyake vya zamani kimoja kimoja, akavipapasa kwa kidole gumba muda mrefu kabla ya kuviweka chini. Akakwangua. Mkewe akaleta pasi ya mkaa bila kuambiwa. Kiganja kikakaa katikati kama zamani. Asubuhi yote iliishia hapo, na tulizungumza mvua, mahindi, na nani amekufa. Niliketi kwa hesabu zangu, yeye kulia kwangu, mlango kushoto.

Kazi ilipokwisha akavuta karai, na ili apate mwanga wa mlangoni akahamisha kigoda chake upande wangu wa kushoto. Sikupata nafasi ya kugeuka. Akazamisha mpira, akaubana, nikainama kutazama maji. Nikakaa vile. Baadaye nikaona mkewe ananikazia macho, nikainua kichwa. Fundi alikuwa amenigeukia, anangoja.

"Umesema nini, fundi?"

Midomo yake ikacheza tena. Sikupata neno. Nikatikisa kichwa kuitikia, mazoea yangu yale ya kipumbavu, na nikaona uso wa mzee unabadilika. Alikuwa haoni vizuri, lakini hilo aliliona.

Nilisikia joto limenipanda mpaka kwenye nywele. Ningeweza kusingizia lori lililokuwa linapita.

"Sikio hili halisikii, fundi," nikasema. "Tangu siku ile. Njoo upande huu."

Alisimama akipapasa ukuta, akabeba kigoda chake, akazunguka nyuma yangu, akaketi kulia kwangu. Ilimchukua muda, na sikumsaidia, kwa sababu niliona hataki.

"Nilikuuliza," akasema. "Povu ndogo mimi siioni siku hizi. Imeshika?"

Nikatazama kwenye karai. Pale chini ya kinywa, kwenye mkunjo uleule, kipovu kidogo kilikuwa kinajivuta, kinajivuta, kinaachia, kinapanda. Kisha kingine. Mimi nimelelewa. Kwetu mtu mzima akikuuliza kazi ya mikono yake, jibu lake unalo tayari kabla hajamaliza kuuliza. Neno "imeshika" lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Mkewe alikuwa amesimama na ungo, anachungulia karai kwa mbali, na aliona nilichokiona.

"Haijashika, fundi," nikasema. "Inatoa povu. Palepale."

Mikono yake ikabaki ndani ya maji. Niliyataka maneno yangu yarudi. Kisha akaitoa, akajifuta kiganja kwenye suruali, vilevile kama siku ile, na mkono wa kulia ukapanda kwenye mfuko wa shati. Vidole vikaingia, vikakaa. Vilipotoka vilikuwa na kidonge cha uzi, umepauka mpaka unakaribia rangi ya matofali. Alijaribu kuufunga, ncha ikampotea mara kwa mara, akanikabidhi.

"Funga wewe. Kaza. Mtu aone."

Nikafunga fundo pale penye povu, nikakaza. Akalipapasa kwa kidole gumba mpaka akaridhika.

"Siku ile ulikuwa mfukoni," akasema.

"Najua, fundi. Niliuona mkono."